Mipira 515

Lubumbashi imeupa mpira wa kikapu wa Marekani wanaume wawili ambao, ukisoma takwimu zao bila majina, ungeweza kuwachanganya. Bismack Biyombo alizaliwa mjini humo Agosti 1992, Oscar Tshiebwe Novemba 1999. Wote wana urefu wa mita mbili na sentimita chache, na wote wamejulikana kwa kazi moja ngumu: kuudaka mpira pale mtupo unapokosa kikapu, yaani ribaundi. Biyombo hakuchezea chuo hata siku moja. Aprili 2011, akiwa anacheza Hispania, aliitwa Portland, jimbo la Oregon, kwenye mchezo wa vijana wa dunia dhidi ya vijana wa Marekani, akatoka na pointi 12, ribaundi 11 na mitupo 10 aliyoizima. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika mchezo ule. Miezi miwili baadaye alichaguliwa nambari 7 katika drafti ya NBA, uchaguzi wa wachezaji wapya wa ligi hiyo. Tshiebwe, kwa upande wake, alicheza chuo miaka minne, na mwaka 2022 akatangazwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Juni 2023 timu za NBA zilisoma majina 58 ya vijana wapya. La kwake halikuwamo.

Mashabiki wa Kentucky, chuo alichokichezea misimu miwili ya mwisho, wamelibishania jambo hili kwa hasira na kwa mapenzi. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: tuzo alizistahili, na NBA haikukosea sana kumpita. Hukumu hizo mbili zilitolewa kwa ushahidi uleule. Kuona jinsi hilo linavyowezekana, inabidi tuufungue msimu wake na kuukagua mchezo baada ya mchezo, kama walivyofanya mashabiki wenyewe.

Tshiebwe alifika Marekani akiwa kijana, akasoma shule ya Mountain Mission huko Grundy, Virginia, halafu Kennedy Catholic ya Hermitage, Pennsylvania. Chuo chake cha kwanza kilikuwa West Virginia, kwa kocha Bob Huggins, ambako msimu wa 2019–20 alipata wastani wa pointi 11.2 na ribaundi 9.3. Namba nzuri kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ila si za kumwamsha mtu usingizini. Katikati ya msimu wa pili aliondoka, na Januari 2021 akahamia Kentucky, ambako sheria za uhamisho na kalenda zilimfanya asubiri hadi msimu uliofuata. Timu aliyoijia ilikuwa mahututi: ilimaliza mwaka ule kwa kushinda michezo 9 na kupoteza 16.

Kwa mtu wa Lubumbashi, njia ya mkato ya kuielewa Kentucky ni kuifikiria klabu ya soka ya Mazembe. Mazembe wana mataji 5 ya klabu bingwa Afrika, ya 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, na wamecheza fainali ya klabu bingwa ya dunia dhidi ya Inter Milan. Anayevaa nyeusi na nyeupe katika uwanja wao wa Kamalondo haridhiki na nafasi ya pili, na akifungwa leo hamtaji Inter kujifariji. Kentucky wana mataji 8 ya vyuo, la kwanza 1948 na la mwisho 2012, na ukumbi wao wa Rupp Arena mjini Lexington huingiza watu zaidi ya 20,000. Msimu wa kushinda mara 9 ulikuwa msiba wa jimbo zima. Ndiyo maana kijana aliyeshuka pale Januari 2021 alipokewa kama dawa kabla hajagusa mpira.

Dawa ilianza kufanya kazi mapema. Lakini usiku uliozaa hadithi ni wa tarehe 22 Desemba 2021. Kentucky walitakiwa kucheza na mahasimu wao wa Louisville, virusi vya korona vikauvuruga mchezo huo, na nafasi yake ikachukuliwa na Western Kentucky, chuo cha mji wa Bowling Green, ambao siku kumi na moja kabla ulikuwa umepigwa na kimbunga kilichoua watu wengi magharibi mwa jimbo. Mapato yalielekezwa kwa walioathirika. Kentucky walishinda 95–60. Tshiebwe alifunga pointi 14 tu, ila alidaka ribaundi 28. Rekodi ya ukumbi ule ilikuwa 21, nayo aliiweka mgeni, Shaquille O'Neal wa chuo cha LSU, mwaka 1990.

Niseme neno moja pembeni. Ukumbi huo umepewa jina la Adolph Rupp, kocha aliyeiongoza Kentucky zaidi ya miaka arobaini na ambaye timu yake haikuwa na mchezaji mweusi mwenye ufadhili hadi Tom Payne alipoingia uwanjani mwaka 1970. Mwaka 1966 timu hiyo ya weupe watupu ilishindwa kwenye fainali na Texas Western, iliyoanzisha wachezaji watano weusi. Rekodi ya ribaundi ya nyumba ya Rupp leo ni ya Mkongo. Mambo ya historia hayana haja ya kutiwa chumvi.

Turudi kwenye 28. Ribaundi ni namba rahisi kupenda kwa kuwa inaonekana kwa macho: mpira umegonga pete, mikono kumi imenyanyuliwa, mmoja ameondoka nao. Hata asiyejua kanuni za mchezo anaelewa nani ameshinda. Ila namba hiyo ina hila zake, na mashabiki wanaoijua kazi huanza kuuliza maswali hapohapo. Mitupo mingapi ilikosa? Ukimpa mtu mipira 80 ya kugombania, ataokota mingi kuliko aliyepewa 50, hata kama uwezo wao ni mmoja. Rekodi ya kale ya vyuo ni ribaundi 51 za Bill Chambers wa chuo cha William & Mary, mwaka 1953. Wilt Chamberlain alipata 55 kwenye NBA mwaka 1960. Walikuwa majabali, hilo halina ubishi, lakini enzi hizo watu walikimbia zaidi, walitupa zaidi na walikosa zaidi. Mipira iliyobaki hewani ilikuwa mingi kuliko ya leo. Kwa hiyo wachambuzi wa sasa hawahesabu mipira, wanahesabu sehemu: kati ya kila mitupo 100 iliyokosa mchezaji akiwa uwanjani, alidaka mingapi? Kwa kipimo hicho msimu wa Tshiebwe hauporomoki. Unapanda, kwa sababu alifikisha wastani wa 15.1 katika zama za mipira michache. Mara ya mwisho mchezaji wa daraja la juu la vyuo kufikisha wastani wa 15 ilikuwa msimu wa 1979–80. Jumla yake kwa michezo 34 ilikuwa ribaundi 515.

Swali la pili ni zito zaidi, na ndilo linalotenganisha shabiki wa kelele na shabiki wa daftari. Ribaundi ya ulinzi na ribaundi ya ushambuliaji si kitu kimoja. Mpinzani akikosa, timu inayolinda huupata mpira takribani mara saba katika kumi, maana watu wake tayari wamesimama karibu na pete. Tshiebwe akiudaka mpira huo, huenda amemtangulia mwenzake aliyekuwa nyuma yake akiungoja. Namba imeandikwa kwa jina lake. Timu haijapata kitu ambacho isingekipata. Kwenye ushambuliaji mambo hugeuka. Pale mpira kwa kawaida ni wa mpinzani, na anayeuchukua ameiba nafasi nzima ya kushambulia. Dean Oliver, katika kitabu chake cha 2004 kuhusu takwimu za mpira wa kikapu, aligawa ushindi katika mambo manne, yaani ubora wa mitupo, kutopoteza mpira, ribaundi za ushambuliaji na mitupo huru, na akaipa ribaundi uzito wa kama asilimia 20. Si mfalme, ila si mtumwa.

Tshiebwe alipata ribaundi za ushambuliaji zaidi ya tano kwa mchezo. Hapa ndipo tuzo yake iliposimama. Namna alivyozipata inastahili kutazamwa polepole, kwa sababu hakuwa na mruko mkubwa kuliko wote, wala hakuwa mrefu kuliko wote. Alianza kazi kabla mpira haujaondoka mkononi mwa mtupaji. Alisogeza nyonga yake ikaingia kati ya mpinzani na pete, akatanua miguu, akamsukuma mtu huyo taratibu hadi chini ya ubao, mahali ambapo mpira haudondoki. Kisha akanyanyua mikono ambayo, ikinyooshwa pande mbili, inazidi mita 2.2. Mpira ukigonga pete upande wa pili, alikuwa na hatua ya pili na ya tatu. Wengi huruka mara moja na kulalamika. Yeye aliruka, akashuka, akaruka tena. Mitupo yake mwenyewe msimu ule iliingia zaidi ya mara sita katika kumi, na sababu ni hiyohiyo: mingi aliitupa akiwa ameshasimama chini ya kikapu na mpira alioudaka.

Tuzo zikaja kwa mkupuo, za Naismith, za Wooden, za shirika la habari la AP na nyinginezo. Tangu Anthony Davis mwaka 2012, Kentucky hawakuwa wamepata mchezaji wa kiwango hicho. Lakini kabla zote hazijakabidhiwa, ulikuja usiku wa tarehe 17 Machi.

Mashindano ya NCAA huchezwa kwa mtoano. Ukipoteza mara moja, umekwisha. Kentucky, waliopangwa nambari 2 katika kundi lao, walikutana Indianapolis na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City kilichopangwa nambari 15. Lubumbashi ilikuwa saa saba usiku mpira uliporushwa juu, na aliyeamua kukaa macho aliona mambo mawili kwa wakati mmoja. Aliona mchezaji mmoja akifunga pointi 30 na kudaka ribaundi 16. Akaona pia timu ya mchezaji huyo ikipoteza 85–79 katika muda wa nyongeza.

Kesho yake mashabiki waligawanyika, na mgawanyiko wao ulikuwa na akili kuliko unavyodhani. Kundi la kwanza lilitaja mitupo huru: Kentucky walitupa 35, wakakosa 12, katika mchezo uliohitaji mtupo mmoja zaidi kumalizika kabla ya nyongeza. Kundi hilo lilisema mtu mwenye 30 na 16 hana deni kwa yeyote. Kundi la pili lilitazama upande mwingine wa uwanja. Saint Peter's, walisema, walikuwa na walinzi wadogo wenye kasi, na kila walipotaka pointi walimvuta Tshiebwe nje, mbali na pete.

Hoja hiyo ndiyo iliyomfuata hadi mwisho, basi tuieleze vizuri. Mshambuliaji mmoja mrefu husogea na kusimama kama ukuta pembeni ya mlinzi anayemfuata mwenye mpira. Mwenye mpira hupita kandokando ya ukuta huo, mlinzi wake hukwama, na kwa sekunde moja senta wa ulinzi, yule mtu mrefu wa chini ya kikapu, hubaki peke yake na watu wawili. Akimfuata mwenye mpira, aliyesimama kama ukuta hukimbilia kikapuni. Akibaki nyuma, mwenye mpira hutupa akiwa huru. Senta bora wa siku hizi ni yule anayeweza kuteleza hatua tatu kando kama mlinzi mfupi, halafu akarudi kuizima mitupo. Tshiebwe alijengwa kwa kusukuma, si kwa kuteleza. Mguu wake wa kwanza kwenda kando ulichelewa, na walimu wa timu pinzani walishaandika hilo.

Alirudi. Tangu Tyler Hansbrough wa North Carolina mwaka 2008, mchezaji bora wa AP hakuwa amerejea chuoni kwa msimu mwingine. Fedha zilichangia uamuzi huo, na si aibu kulisema. Tangu Julai 2021 wanachuo waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na magazeti yalitaja mikataba yake kwa mamilioni ya dola. Lakini alikuwa na viza ya mwanafunzi, ambayo haimruhusu mgeni kufanya kazi ndani ya Marekani. Agosti 2022 Kentucky walikwenda Bahamas kwa michezo ya kirafiki, na hukohuko, nje ya mipaka, akapiga picha na matangazo aliyolipwa. Mtoto wa Lubumbashi alilazimika kuvuka bahari ili alipwe kwa jina lake mwenyewe. Wachimbaji wa shaba wa kwao wangeuelewa utaratibu huo bila kufafanuliwa.

Oktoba alifanyiwa upasuaji mdogo wa goti. Tarehe 15 Novemba akarejea dhidi ya Michigan State na kupata pointi 22 na ribaundi 18, timu ikapoteza baada ya nyongeza mbili. Msimu wote ulikuwa wa namna hiyo. Tarehe 17 Januari 2023 aliwafunga Georgia pointi 37 na kudaka ribaundi 24, karatasi ya takwimu ambayo ungedhani mtu ameichezea. Alimaliza na wastani wa pointi 16.5 na ribaundi 13.7, na hakuna mchezaji wa daraja lake aliyemzidi kwa ribaundi mwaka huo. Hata hivyo neno lililotawala midomoni mwa mashabiki lilikuwa kushuka. Ukimlinganisha na watu wengine, alikuwa juu. Ukimlinganisha na nafsi yake ya mwaka uliotangulia, alikuwa amepungua. Shabiki hukilinganisha kipenzi chake na kumbukumbu, na kumbukumbu haipati goti bovu.

Mimi naona mashabiki waliipima vibaya ile tofauti ya karibu ribaundi moja na nusu, na waliipima sawasawa ile ya ulinzi. Mitupo aliyoizima ilishuka kutoka karibu 1.6 kwa mchezo hadi 1.0. Hiyo ndiyo namba iliyopaswa kuwatia wasiwasi, maana senta asiyezima mitupo lazima ateleze, na asiyeteleza lazima azime.

Machi 2023 ukaleta uthibitisho wa pande zote mbili ndani ya siku tatu. Tarehe 17, huko Greensboro, Kentucky waliwatoa Providence 61–53. Tshiebwe alifunga pointi 8 pekee na kudaka ribaundi 25, na bila ribaundi hizo sioni wangeponea wapi. Tarehe 19 wakakutana na Kansas State. Alipata 25 na 18. Mwenzake Antonio Reeves alitupa mara 15 na kufunga mara moja. Na upande wa pili alikuwepo Markquis Nowell, mlinzi mwenye urefu wa mita 1.73 hivi, aliyeita ukuta, akapita, akaita tena, akamaliza na pointi 27 na pasi 9 za kufungisha. Kansas State 75, Kentucky 69. Anayetaka kumtetea Tshiebwe ataisoma karatasi hiyo na kumlaumu Reeves. Anayetaka kumkosoa ataisoma na kumwonyesha Nowell. Wote wawili wana karatasi moja mkononi.

Miezi mitatu baadaye ikaja drafti na ukimya wake. Hapa Biyombo anarudi kwenye hadithi, na jibu la fumbo letu lipo katika miaka 12 iliyowatenganisha. Msimu wa 2010–11, kabla tu Biyombo hajachaguliwa, timu ya NBA ilitupa wastani wa mitupo 18 ya pointi tatu kwa mchezo. Msimu wa 2022–23 ilikuwa 34. Uwanja umetanuka. Mtu mzito wa chini ya kikapu, aliyekuwa amezungukwa na kazi, sasa anaitwa nje mita saba, na akikataa kwenda anaadhibiwa kwa pointi tatu badala ya mbili. Kila ribaundi aliyodaka Tshiebwe ilibaki na thamani yake. Kilichopanda bei ni kile alichokosa.

Lakini kalenda haimalizi maelezo yote. Biyombo naye hakujua kutupa kutoka mbali. Hajawahi kuwa mfungaji. Alichokuwa nacho Portland ni ile mitupo 10 iliyozimwa, na miguu iliyoweza kumfuata mtu mfupi. Tarehe 21 Mei 2016, akiichezea Toronto katika mchezo wa tatu wa fainali ya Mashariki dhidi ya Cleveland ya LeBron James, alidaka ribaundi 26, rekodi ya klabu, na kuzima mitupo minne. Toronto walishinda 99–84. Kiangazi kile Orlando walimpa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 72. Wengi walidhani wanalipia zile 26. Ukitazama mkanda, Orlando walikuwa wananunua ile minne, na mingine mingi ambayo Cleveland hawakuthubutu kuitupa.

Tshiebwe alisaini na Indiana Pacers mkataba wa pande mbili, ambao humruhusu mchezaji kuwa na timu ya NBA kwa michezo isiyozidi 50 ya msimu wa kawaida na siku nyingine kuchezea timu yake ya ligi ndogo. Mwaka 2024 akasaini wa namna hiyo na Utah Jazz. Wale wa kundi la kwanza, waliohesabu mitupo huru usiku wa Saint Peter's, wanasema bado hajapewa dakika za kutosha. Wa kundi la pili wanasema kila anapopewa, tuitazame miguu yake kwenye ukuta wa kwanza, kabla mpira haujafika kwenye pete.